Mia Yao, Elfu Mbili Zetu

Biashara yangu ni machungwa. Nayanunua Muheza yangali mtini, nayavusha Horohoro, na wanunuzi wangu wanayashusha soko la Kongowea, Mombasa. Kwa hiyo nanunua kwa shilingi na kuuza kwa shilingi, lakini shilingi zenyewe ni mbili, na kati ya hizo mbili ndimo faida yangu inamokaa au inamopotelea. Siku hizi mia moja ya Kenya inapata karibu elfu mbili za kwetu. Vijana wanaonipakilia gari wanaona hiyo ni fedheha. "Mama, hela yetu ya madafu," huniambia, na mmoja wao huapa kwamba zamani shilingi ya Nyerere ilikuwa sawa na ya Kenyatta.

Kweli ilikuwa sawa. Na ipo miaka ambayo ilikuwa juu ya ile ya Kenya. Ila miaka hiyo mimi nilikuwepo, na hiyo ndiyo miaka tuliyofulia nguo kwa majani ya mpapai. Ndiyo maana sikubali shilingi ipimwe kwa namba yake peke yake.

Shilingi moja ya wote

Kabla ya shilingi, pwani hii na bara lake vilitumia rupia. Mwaka 1919 Waingereza waliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, makao yake London. Baada ya kuhangaika kidogo na sarafu iliyoitwa florini, mwaka 1922 shilingi ikaingia Kenya, Uganda na Tanganyika. Zanzibar iliacha rupia yake ikajiunga mwaka 1936. Shilingi ishirini zilikuwa pauni moja ya Uingereza, na hesabu iliishia hapo.

Marehemu baba yangu alikuwa karani wa reli pale Tanga. Mama alikuwa mtu wa Vanga, ng'ambo ya mpaka, na sisi Wadigo tumezagaa pande zote mbili bila kumwomba mtu ruhusa. Baba alipompelekea mkwewe chochote hakuulizia bei ya kubadilisha, kwa kuwa hapakuwa na cha kubadilisha. Senti kumi yenye tundu katikati ilinunua andazi Tanga na ilinunua andazi Vanga.

Kanuni ya Bodi, kwa sehemu kubwa ya maisha yake, ilikuwa kali na nyepesi kueleza: shilingi haitoki mpaka pauni yake iwekwe London. Serikali ya Dar es Salaam ikiishiwa haiwezi kuchapa noti, na ya Nairobi vilevile. Ubaya wake ni kwamba jasho la wakulima wa kahawa na wakata mkonge lilikaa Uingereza likiikopesha serikali ya Uingereza, huku nchi zilizotoka kupata uhuru zikikosa benki yao ya kugeukia. Juni 1965 mawaziri wa fedha wakatangaza kwamba kila nchi itakuwa na benki yake. Benki Kuu ya Tanzania ilianza kazi tarehe 14 Juni 1966, ya Uganda tarehe 15 Agosti, na ya Kenya tarehe 14 Septemba mwaka huohuo.

Noti zikawa tatu, thamani ikabaki moja. Shilingi ya Tanzania na ya Kenya kila moja ilitangazwa kuwa sawa na gramu 0.124414 za dhahabu, yaani dola moja ya Marekani kwa shilingi 7.14. Na vitu viwili vikifungwa kwenye dola kwa kiwango kilekile, basi vyenyewe haviwezi kupishana. Novemba 1967 Uingereza iliposhusha thamani ya pauni, nchi zetu hazikuifuata. Pauni iliyokuwa shilingi 20 ikawa shilingi 17 na senti 14. Mwaka mmoja tu baada ya kuzaliwa, shilingi zetu zilimpita mama yao.

Sawa kwa maandishi

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliosainiwa Kampala Juni 1967 ulitaka fedha za nchi hizi zibadilishwe moja kwa moja, bila kukatwa kamisheni. Haikudumu. Mapema miaka ya 1970 kila nchi ilikwisha kuanza kuzibana fedha zake zisitoke, na kuvuka na noti nyingi kukawa jambo la kuulizwa maswali. Kwenye vitabu, hata hivyo, moja ilikuwa moja. Oktoba 1975 shilingi zote zilitolewa kwenye dola zikafungwa kwenye kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, bado kwa kiwango kimoja. Hata Februari 1977, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipovunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, shilingi mbili zisizoweza tena kutembeleana zilikuwa bado sawa.

Zilianza kuachana mwaka 1979, na si kwa namna ambayo vijana wangu wanadhani. Kwanza yetu ilishushwa kidogo. Kisha Kenya ikashusha yake, mara mbili mwaka 1981 na tena mwishoni mwa 1982. Sisi tulikaza zaidi yao. Kwa wastani wa mwaka 1983, dola ilikuwa karibu shilingi 11 za Tanzania na zaidi ya 13 za Kenya. Piga hesabu: mia ya Kenya ilikuwa na thamani ya shilingi 84 za kwetu. Kwa mujibu wa serikali, sisi ndio tuliokuwa na fedha nzito.

Basi nenda dukani na hiyo fedha nzito. Tulikuwa tumetoka kwenye vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Mafuta yalikuwa yamepanda mara ya pili katika miaka kumi. Bei ya kahawa ilikuwa imeporomoka baada ya neema ya 1977. Fedha za kigeni hazikuwepo, na bila fedha za kigeni viwanda havipati malighafi. Sabuni, sukari, mafuta ya kupikia, hata kanga, vilitafutwa kwa foleni au kwa kujuana.

Vyote hivyo vilikuwepo Vanga. Usiku mitumbwi ilipita kwenye mikoko ya Jasini, mpakani, ikienda na kahawa au pembejeo za serikali, ikirudi na sabuni za mche na makopo ya mafuta ya Kimbo. Na huko kwenye mikoko hakuna aliyekuja na kile kiwango cha 84. Mia ya Kenya ilidai mamia ya kwetu, na ilikuwa ikipanda kila msimu. Dola kwa magendo iliuzwa mara kadhaa ya bei ya benki. Mwaka 1983 serikali ikaanzisha msako wa wahujumu uchumi, na mtaani kwetu watu walizika magunia ya sukari uani usiku kucha. Walikamatwa walanguzi, lakini pengo kati ya bei mbili halikukamatika, na maadamu pengo lipo, mlanguzi mwingine atazaliwa kesho.

Hasara kubwa zaidi wala haikuwa ya sabuni. Tanga ni mji wa mkonge. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 hazikufika hata tani 40,000. Nyuzi za plastiki ziliipiga katani kote duniani, na mashamba yaliyotaifishwa hayakusimamiwa vizuri. Lakini tazama na upande huu: shamba likiuza katani ya dola moja, liliingiziwa shilingi nane au tisa za benki, wakati dizeli, vipuri na hata chakula cha vibarua vinanunuliwa kwa bei zinazofuata magendo. Kiwango kile kizuri kilikuwa kinamkata mzalishaji bila kumwonyesha kisu. Nani atapanda mkonge hapo?

Wapo walioyasema haya mapema. Edwin Mtei alikuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania, kisha Katibu Mkuu wa Jumuiya mpaka ilipovunjika, kisha Waziri wa Fedha. Mwishoni mwa 1979 aliacha uwaziri baada ya kutofautiana na Mwalimu Nyerere juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na kushusha thamani ya shilingi lilikuwa mojawapo. Hofu ya Mwalimu haikuwa ya kipuuzi: shilingi ikishushwa, dawa, mafuta na vitabu vya shule vinapanda bei siku hiyohiyo, na anayeumia ni maskini. Ila maskini alikuwa ameshaanza kununua kwa bei ya magendo. Kupanda kwenyewe kulikuwa kumeshatokea, ila serikali ilikuwa haijakuandika.

Namba inaposema kweli

Mpaka na Kenya ulifunguliwa tena Novemba 1983. Juni 1984 dola ikawekwa shilingi 17, na mwaka huo serikali ikaruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Mitumba ikaingia, na sabuni zikaonekana. Novemba 1985 Mwalimu akang'atuka, Mzee Mwinyi akashika urais, na katikati ya 1986, baada ya kukubaliana na Shirika la Fedha, dola ikaruka hadi shilingi 40. Baada ya hapo haikuangalia nyuma.

Nikizigawanya namba za wastani wa kila mwaka, napata ngazi hii. Mwaka 1985 shilingi moja ya Kenya ilikuwa kama moja ya kwetu. Mwaka 1986 ikawa mbili. Mwaka 1987 ikakaribia nne. Mwaka 1990 ikapita nane. Kijana akiitazama ngazi hiyo anaona taifa linaporomoka. Mimi niliyekuwa naanza kuuza matunda miaka hiyo naona kitu kingine: naona kiwango cha benki kikitembea kwenda kukutana na kile cha Jasini, ambacho tulikuwa tunakitumia zamani. Mwaka 1992 sheria ikaruhusu maduka ya kubadilishia fedha, na mtu akaweza kuingia mchana, akapewa risiti, akatoka bila kutazama nyuma. Pengo likafa. Wale wa mitumbwini wakatafuta kazi nyingine. Wengine nawajua, wana maduka ya jumla.

Si kwamba maumivu hayakuwepo. Mfumuko wa bei miaka ya mwisho ya 1980 ulikuwa karibu asilimia 30 kwa mwaka, mshahara wa mwalimu haukufika tarehe kumi na tano. Na hapa ndipo penye siri ya ngazi nzima. Bei za nchi moja zikipanda kwa asilimia 30 kwa mwaka na za jirani kwa asilimia 10, haiwezekani fedha zao zibaki palepale. Atakayejaribu kuzizuia atarudi mikokoni.

Na jirani naye alipata zamu yake. Novemba 1991 wafadhili waliinyima Kenya misaada, Desemba 1992 ukaja uchaguzi wa vyama vingi na fedha nyingi zikamwagwa, na huku kashfa ya Goldenberg ikichota mabilioni kwa jina la kusafirisha dhahabu na almasi ambazo hazikuwepo. Dola iliyokuwa shilingi 36 za Kenya mwishoni mwa 1992 ikawa 68 mwishoni mwa 1993. Mfumuko wa bei ukapita asilimia 40. Mwaka huo shilingi ya Kenya ilirudi nyuma hata mbele ya yetu, kutoka tisa hadi saba kwa wastani, na wanunuzi wa Mombasa walikuwa wakitulipa asubuhi wakiomba tuhesabu haraka. Mwaka 1995 ilikuwa imeinuka na kufika kumi na moja. Baadaye mwendo ukawa wa polepole: karibu kumi na tano mwaka 2005, ishirini mwaka 2015, ishirini na moja na ushee mwaka 2020.

Ishirini ni nyingi?

Sasa turudi kwa kijana wangu na fedheha yake. Mwaka 2024 dola moja ilinunua shilingi 130 hivi za Kenya na yeni 150 hivi za Japani. Kwa hesabu hiyo shilingi ya Kenya ni kubwa kuliko yeni. Je, Mkenya ni tajiri kuliko Mjapani? Kijana akicheka, namwambia acheke na ile ishirini pia.

Serikali ya Tanzania ikiamua leo kufuta sifuri mbili, chungwa la shilingi mia litakuwa la shilingi moja, mshahara wa laki tano utakuwa elfu tano, na shilingi moja ya Kenya itapata senti ishirini zetu. Tutakuwa tumewapita Wakenya mara tano kabla ya chakula cha mchana, na hakuna atakayekuwa amekula chungwa moja zaidi. Pato la wastani la Mkenya ni kubwa kuliko la Mtanzania, sikatai, lakini halifiki hata mara mbili. Ile ishirini haipimi utajiri. Inapima tofauti ya mfumuko wa bei iliyojikusanya tangu zile shilingi zilipotengana, na sehemu kubwa yake ni ya miaka kumi ile tuliyokuwa tunalipa deni la namba ya uongo.

Kinachonigusa mimi si ukubwa wa namba, ni mwendo wake. Mwishoni mwa 2023 na Januari 2024 shilingi ya Kenya ilikuwa imezama. Nchi ilikuwa na deni la dola bilioni mbili la kulipwa Juni, na soko lilishuku kama litalipika. Dola ikafika shilingi 160. Mpakani shilingi ya Kenya ilipata kati ya 15 na 16 zetu. Februari Kenya ikakopa dola bilioni moja na nusu kununulia sehemu ya deni hilo, hofu ikashuka, na kufikia Aprili dola ilikuwa 130 hivi. Kwetu shilingi ya Kenya ikarudi karibu na 20. Chungwa lililouzwa Kongowea kwa shilingi kumi za Kenya lilirudisha kama 157 Januari na 196 Aprili. Chungwa lilelile, mti uleule, mnunuzi yuleyule. Hakuna mbolea inayoongeza mavuno namna hiyo, na hakuna ukame unaopunguza namna ile.

Horohoro, dirishani

Kiwango cha shilingi kwa shilingi hakipangwi na mtu pale mpakani. Kwa kawaida kinapitia dola. Tuseme dola ni 2,600 Dar es Salaam na 130 Nairobi: gawanya, unapata 20. Hiyo ndiyo bei ya katikati, na hakuna atakayekupa hiyo, kwa sababu mbadilishaji anakula kwenye pande mbili.

"Shikamoo mama. Leo nanunua kumi na tisa na nusu."

"Marahaba. Na kuuza?"

"Ishirini na nusu."

"Mwanangu, mimi si mtalii. Nina elfu hamsini hapa."

Anaminya kikokotoo, anatazama simu. "Haya, kumi na tisa nukta nane, kwa kuwa ni wewe."

Kwa elfu hamsini za Kenya, bei ya katikati ingenipa milioni moja kamili. Bei yake ya kwanza ilinipa 975,000. Ya pili 990,000. Maneno mawili yamenipa elfu kumi na tano, ambazo ni ujira wa kijana wa kupakia. Ndiyo sababu namshauri kila mfanyabiashara aijue bei ya katikati kabla hajafika dirishani. Dola ya Dar, dola ya Nairobi, gawanya. Simu yoyote inaweza. Na tangu 2015 M-Pesa ya Kenya na ya Tanzania zinatumiana, basi linganisha na huko pia, ukitazama kiwango wanachokupa pamoja na ada, maana mara nyingine ada ni ndogo kwa kuwa wamekwisha kujilipa kwenye kiwango.

Noti nazo zina ajali zake. Juni 2019 Kenya ilitangaza noti mpya, na ile ya zamani ya shilingi elfu moja ikapewa mwisho wa tarehe 30 Septemba. Juni hiyohiyo Benki Kuu za Tanzania na Uganda zikasitisha kubadilisha shilingi ya Kenya. Ghafla mnunuzi anakuja na bunda safi, halali kabisa nchini kwake, na hakuna dirisha Horohoro linaloligusa. Wengi tulijifunza hapo kwamba fedha ya jirani ni fedha maadamu benki mbili zinaelewana. Zisipoelewana ni karatasi yenye picha.

Nasikia wanasiasa wakituahidi kwamba haya yatakwisha kwa sarafu moja ya Afrika Mashariki. Itifaki ilisainiwa Kampala tarehe 30 Novemba 2013, sarafu iwe tayari 2024. Sasa lengo limesogezwa 2031. Mimi sina chuki na sarafu moja, nililelewa nayo. Lakini ile ya baba yangu ilishikana kwa sababu moja tu: hakuna serikali iliyoweza kuchapa. Atakayetaka irudi awaulize kwanza mawaziri wa fedha kama wako tayari kufungwa mikono kiasi hicho, Kenya mwaka wa uchaguzi, Tanzania mwaka wa njaa. Wakisema ndiyo na wakamaanisha, nitauza machungwa kwa bei moja na kushukuru. Wakisema ndiyo kwa mdomo tu, tutarudishiwa ule usawa wa 1983, na Jasini bado ina mikoko ya kutosha.

Mpaka hapo, nina masharti mawili kwa mnunuzi mgeni, nayo yanaandikwa kabla chungwa halijachumwa: bei ni ya shilingi ipi, na kiwango ni cha siku gani, ya kupakia au ya kulipa. Asiyekubali kuandika hayo simuuzii, hata akitaja bei tamu namna gani, kwa sababu kati ya Januari na Aprili 2024 nimeona tofauti ya robo nzima, na hiyo robo lazima iwe na mwenyewe.